Pikapu Kuukuu Nayo ni Utamaduni

Kila litajwapo neno utamaduni katika nchi yetu, mawazo ya watu wengi hukimbilia ngoma, vinyago, mashairi, mavazi na hadithi za wazee. Hakuna ubaya katika kuvikumbuka vitu hivyo. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mojawapo ya makusudio yake lilikuwa kuwarudishia wananchi fahari ya mila na sanaa ambazo ukoloni ulikuwa umezidharau. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na bado haijakwisha. Lakini imezuka tabia ya kuufinya utamaduni mpaka ukawa kitu cha jukwaani tu. Mtu akicheza ngoma mbele ya wageni, twasema anadumisha utamaduni. Mtu huyohuyo akilala chini ya pikapu yake kuukuu siku ya Jumamosi, mikono imejaa grisi, akitafuta mahali panapovuja mafuta, twasema anahangaika na mkweche.

Makala hii inadai kwamba hukumu hiyo ni ya kasumba. Mwananchi anayetengeneza gari lake kuukuu uani kwake, kwa mikono yake mwenyewe na kwa msaada wa watoto na majirani, anatenda tendo la utamaduni lililo kamili. Zaidi ya hayo, taifa linaloacha tendo hilo life litabaki kuwa mpangaji katika vyombo vyake lenyewe: litavitumia, litavilipia, lakini halitavimiliki. Maana mwenye chombo kwa kweli ni yule awezaye kukirudisha katika hali yake kinapoharibika.

Hoja ya ugeni

Wapinzani wetu wa kwanza ni wale wasemao kwamba gari ni kitu cha kigeni, na kwa hiyo haliwezi kuingizwa katika utamaduni wa Mwafrika. Hoja hii yafanana na busara, lakini haina msingi. Mahindi na mihogo asili yake ni bara la Amerika. Hata hivyo, ni nani leo atakayesimama mbele ya wanakijiji na kuwaambia kwamba ugali si chakula chao? Kitu cha kigeni hugeuka kuwa chetu siku tunapojua kukilima, kukipika, kukishona au kukiunda upya bila kumngoja aliyekileta. Ugeni wa kitu hauko katika mahali kilikotoka, bali katika ujinga wetu juu yake.

Tena, ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, watu walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Wafipa walijenga tanuri refu za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma. Katika Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na mvukuto wao ulikuwa chombo cha heshima. Kule pwani, jahazi halikutupwa kwa sababu ya kuvuja. Lilipandishwa ufukoni, mbao zilizooza zikang'olewa, nyufa zikatiwa kalafati ya pamba, na ubavu wake ukapakwa deheni ili maji yasipenye. Kazi hiyo ilikuwa na majira yake, nyimbo zake, miiko yake na mabingwa wake. Mtu anayekwangua kutu katika chesi ya Landrova leo ni mrithi wa mtu aliyekalafati jahazi jana. Kilichobadilika ni chombo, lakini akili ni ileile.

Hata historia ya Landrova yenyewe yawasuta wale wanaoiona kuwa muujiza wa Kizungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia gari la Jeep lililobaki kutokana na vita katika shamba lake kisiwani Anglesey. Fikra ya kuunda gari jipya la wakulima ilizuka kutokana na gari hilo lililochakaa. Landrova ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilifanywa kwa alumini kwa sababu chuma cha pua kilikuwa haba nchini Uingereza na kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo, gari hili ni mtoto wa uhaba. Lilizaliwa na watu waliotazama walichokuwa nacho, wakauliza kingeweza kufanywa nini. Mkulima wa Iringa au Mbulu anayeuliza swali hilohilo uani kwake haigi ugeni wowote.

Hoja ya cheo

Wapinzani wa pili ni wabaya zaidi, kwa kuwa wengi wao ni wasomi. Hao husema: "Gari likiharibika, wapo mafundi. Mtu aliyesoma ana kazi nyingine." Maneno hayo yana historia. Shule ya kikoloni ilikusudiwa kutoa makarani na wasaidizi wa utawala. Ilimfundisha kijana kwamba ushahidi wa elimu yake ni weupe wa shati lake. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na katika mwaka huohuo ikatolewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, ugonjwa huo ulitajwa waziwazi: elimu iliyomtenga kijana na kazi za jamii yake. Miaka mingi imepita tangu wakati huo. Je, ugonjwa umepona? Mtazame mhitimu ambaye ameshinda mtihani wa fizikia kwa alama za juu, akaeleza katika karatasi jinsi mkondo wa umeme unavyopita, kisha anasimama kando ya barabara na gari lisilowaka, asijue hata kufungua boneti. Elimu yake imo kichwani kama mzigo uliofungwa, ambao mwenyewe hajui kuufungua.

Isieleweke kwamba tunawadharau mafundi. Kinyume chake, anayemdharau fundi ni yule anayemwachia kazi asiyotaka kuielewa, kisha akambishia bei yake. Mwananchi aliyewahi kuvunja kucha akifungua nati iliyoshikwa na kutu ndiye atakayejua thamani ya fundi wa kweli, na ndiye asiyedanganyika na fundi wa uongo.

Darasa lililo uani

Tuache maneno ya jumla, tuitazame kazi yenyewe. Chukua Landrova pikapu ya toleo la tatu, lile lililoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, ambayo umbali kati ya ekseli zake ni inchi 109. Mwalimu mstaafu ameinunua ikiwa imesimama miaka kadhaa chini ya mwembe. Injini haiwaki, kuku wametaga katika kiti cha dereva, na majirani wanacheka. Aanzie wapi?

Asianze na rangi. Hili ndilo kosa la wapenda sura. Aanze na chesi, yaani mifupa ya gari. Alale chini, achukue nyundo ndogo, agonge hatua kwa hatua na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Kutu hupenda mahali matope yanapokaa: katika mikono ya chuma inayotoka ubavuni mwa chesi kushikilia bodi, na katika boriti ya nyuma. Anapopata palipooza, hana budi kukata mpaka afikie chuma kizima, ndipo achomelee kipande kipya. Anayechomelea bati juu ya uozo anajidanganya, kwani kutu itaendelea kula ndani kwa siri. Mwanafunzi akiona jambo hili kwa macho yake, hahitaji mahubiri marefu juu ya uaminifu. Wazee walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta; chesi ya pikapu huithibitisha kauli hiyo bila huruma.

Kisha aitazame bodi. Watu husema alumini haishiki kutu, na kwa sababu hiyo Landrova haiozi. Hiyo ni nusu ya kweli. Alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi kama ule wa Tanga au Mtwara, ni alumini inayoliwa, nayo hugeuka unga mweupe penye ukingo. Kwa nini? Hapo mwalimu wa kemia amepata somo lake, wala hahitaji kuagiza kifaa chochote kutoka ng'ambo. Metali mbili, maji na chumvi vimekwisha kuunda betri ndogo katika ubavu wa gari. Dawa yake ni kuzitenga metali hizo kwa rangi au kwa kipande cha mpira. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo hatalisahau.

Sasa aje kwenye injini. Ile ya petroli ina silinda nne, na cheche hupelekwa kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2. Ikiwa haiwaki, mtu mwenye pupa hufungua kila kitu kwa pamoja, na jioni hajui tena kipi kilikuwa kizima. Mtu aliyefunzwa huuliza swali moja kwa wakati mmoja. Je, petroli yafika katika kabureta? Je, cheche yaonekana katika plagi? Kama cheche haipo, afungue kifuniko cha distributa atazame pointi. Nafasi yake ikiwa wazi iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Azisugue kwa msasa laini, apime, ajaribu tena. Akikuta cheche nzuri na petroli ya kutosha, aende kwenye valvu, ambazo nafasi yake ni robo ya milimita. Huku kukisia sababu, kuijaribu, kuikubali au kuikataa, ndiko wanasayansi wanakokuita mbinu ya utafiti. Tofauti ni kwamba darasani mwanafunzi hupewa jibu mwishoni mwa kitabu, na uani jibu ni mngurumo wa injini au ukimya wake. Injini haina upendeleo. Haijali wewe ni mtoto wa nani, wala haikubali kuandikiwa alama usizostahili.

Mwisho, atazame springi. Pikapu hii hubebwa na majani ya chuma yaliyofungwa pamoja. Jani likivunjika, fundi hutafuta jani la gari lililokufa akalikata na kulikunja. Nalo jani lililovunjika halitupwi. Mhunzi wa kijijini hulitia motoni akalifua likawa panga, kisu au tezo. Basi chuma kilichobeba pamba na wagonjwa kinageuka kuwa tezo la kuchongea mtumbwi. Yupo nani atakayetuambia kwamba hapo hapana utamaduni?

Lugha ya gereji

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa Kiswahili wamelipita bila kulitazama. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, nalo limefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi. Lakini mafundi wa magari walikuwa wamekwisha kuanza kazi hiyo bila mkutano wala posho. Waliyachukua maneno ya kigeni wakayapa irabu za Kibantu: springi, gia, breki, plagi, rejeta, kabureta, beringi, difu. Penye haja ya kueleza hali, waliiendea lugha yenyewe. Gari hukohoa, huchemka, hula oili, huvuta upande, hukataa mlima. Katika maneno hayo gari ni kama mnyama au mgonjwa, na fundi ni mganga wake anayesikiliza kabla ya kugusa. Hiyo ni sanaa ya lugha, ingawa haina mizani wala vina. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi apelekwe gereji kwa siku moja. Atasikia mashine nzima ikielezwa, ikichambuliwa na kuponywa kwa Kiswahili.

Hoja ya mkweche na hoja ya hatari

Wapinzani wa tatu hujiita wachumi. Husema gari kuukuu hula mafuta mengi, kwamba spea zake ni taabu, na kwamba ni nafuu kununua jingine lililotumika huko Japani. Hatukatai kwamba yapo magari yaliyokufa ambayo hayastahili kufufuliwa. Chesi iliyooza kutoka mwisho hadi mwisho ni ya kukatwa vipande. Lakini hata uamuzi huo wahitaji ujuzi, na asiyejua kutengeneza hajui pia lini aache kutengeneza. Wengi hutupa kilichohitaji mpira wa shilingi chache, na kununua kilichojaa kasoro zilizofichwa chini ya rangi inayong'aa.

Tena, wachumi hao wana kumbukumbu fupi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya mafuta ilipopanda duniani na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, taifa liliishiwa fedha za kigeni. Spea ziliadimika. Magari ya ushirika na ya zahanati yalisimama, na mazao yakangoja usafiri. Yale yaliyoendelea kutembea yalitembea kwa akili za watu waliojua kukata gasketi kutoka kipande cha karatasi ngumu na kufufua betri iliyodhaniwa kufa. Nao Wakuba, baada ya kuwekewa vikwazo na Marekani katika miaka ya 1960, waliyaweka barabarani magari ya miaka ya 1950 kwa ufundi wa namna hiyohiyo. Dhiki haitoi taarifa kabla ya kufika. Taifa lenye mikono iliyofunzwa huikuta dhiki likiwa limesimama.

Wapo pia wanaosema kwamba asiye fundi akigusa gari ataua watu. Hoja hii ni ya kweli, na kwa sababu hiyo tusiikimbie. Breki na usukani si mahali pa kubahatisha. Atakayemimina maji ya sabuni au oili ya injini mahali pa mafuta ya breki ni mhalifu, hata kama ni mwenye gari. Oili hiyo huvimbisha mipira ya ndani, na gari linaposhuka mteremko ndipo kosa hujulikana. Lazima kazi ya breki ikaguliwe na fundi aliyehitimu kabla gari halijagusa barabara. Vilevile mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na oili chafu isimwagwe ardhini au mtoni. Lakini kanuni hizi ni sehemu ya elimu tunayoidai. Mvuvi hamkatazi mwanawe bahari kwa sababu watu huzama. Humfundisha kuogelea na kusoma upepo.

Tunawapinga pia watu wa upande mwingine, wale wanaofufua gari la kale ili kulipamba tu, likawa kama bibi arusi asiyetoka ndani. Waingereza leo huzitunza Landrova za zamani kama urithi wao, na uundaji wa gari lililorithi umbo hilo ulikoma kiwandani Solihull mwaka 2016. Tuwaachie fahari yao. Kwetu pikapu iliyotengenezwa ni ile inayorudi shambani na kliniki. Mkwaruzo uliobaki ubavuni si aibu ikiwa breki zashika.

Wajibu wa shule

Hatari iliyopo sasa ni kubwa, kwa sababu fursa nayo ni kubwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Hili si jambo jipya kabisa. Katika miaka ya 1970 shule zetu ziligawanywa katika michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, na shule kama Ifunda, Moshi na Tanga zilipata sifa kwa ufundi. Nchi iliyothubutu, katika miaka ya 1980, kubuni lori lake lenyewe la Nyumbu huko Kibaha haikukosa vipaji. Ilichokosa ni heshima ya kudumu kwa mikono. Ikiwa amali itageuzwa kuwa jalala la wanafunzi walioshindwa masomo mengine, basi tutakuwa tumeirudisha shule ya kikoloni kwa jina jipya. Wa kalamu watakwenda huku, wa spana kule, na wote wawili watabaki nusu.

Kwa hiyo, yafaa walimu wachukue hatua bila kungoja waraka. Gari bovu lililoachwa katika uwanja wa shule au wa halmashauri lisipigwe mnada kama chuma chakavu kabla halijaombwa liwe darasa. Mwalimu wa fizikia, wa kemia na wa Kiswahili washirikiane juu ya chombo hichohicho. Fundi wa mtaani aitwe, aheshimiwe kama mwalimu na alipwe. Wasichana washike spana sawa na wavulana, kwani nati haiulizi jinsia ya mkono unaoifungua. Kila mwanafunzi aweke daftari la yale aliyoyakuta, aliyoyajaribu na yaliyotokea, na maneno ya mafundi yaandikwe humo kabla wazee waliyoyabuni hawajaondoka.

Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yamehifadhi baadhi ya magari yaliyowabeba viongozi, na hilo ni jema. Lakini ipo pia pikapu iliyobeba mbegu, sabuni, jeneza na mama mjamzito usiku wa mvua, ambayo jina la dereva wake halikuandikwa popote. Hiyo haihitaji kuwekwa nyuma ya kamba ili itazamwe. Yahitaji kijana wa kidato cha pili atakayeuliza kwa nini haiwaki, na mwalimu ambaye hatamjibu kwamba hiyo si kazi ya msomi.